Klarineti Ni Mrija Uliozibwa: Vidole, Mdomo na Ile "Kwii"

Tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji, urefu wa dhiraa moja hivi, wazi pande zote mbili. Kipige kwenye mdomo wake mmoja kwa kiganja na uondoe mkono hapo hapo. Kitalia "pu". Kipige tena, safari hii kiganja usikiondoe, kiache kimeziba. Sauti imeshuka oktava nzima, do imekuwa do ya chini yake, na bomba halijaongezeka hata nusu sentimita.

Klarineti ni hilo bomba la pili. Ukiilaza kando ya fluti utaona urefu wake haupishani sana, kila moja ni sentimita 66 au 67. Lakini fluti, ambayo hewa yake iko wazi huku na huku, ikishuka mpaka mwisho hutoa mitetemo kama 262 kwa sekunde. Klarineti ya kawaida ikishuka hufika 147. Karibu oktava nzima imepatikana bure, kwa sababu upande wa juu umezibwa na ridi (kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka) na midomo ya mpulizaji.

Nimeanza na bomba kwa sababu karibu kila kinachomtatiza anayeanza kinatoka hapo: namna ya kushika, namna ya kuweka mdomo, ile "kwii" inayowafanya majirani wafunge madirisha, hata ule mkanganyiko wa vidole vile vile kuwa na majina mawili. Midomo inaziba juu. Vidole vinaziba ubavuni. Sauti ikiharibika, mara nyingi kuna mahali panapovuja au mahali palipobanwa kupita kiasi.

Mimi nilianzia bendi ya kanisa, nikifundishwa na mzee mmoja aliyewahi kupuliza katika bendi ya polisi. Tulimwita Afande na yeye hakukataa. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nalia kwii kila nikishuka chini ya noti ya C, na kila mara nilikuwa na jibu.

"Midomo yangu bado laini, Afande."

"Midomo haina kosa. Nionyeshe vidole."

Nikamgeuzia. Ukikandamiza matundu ya klarineti dakika kadhaa, kingo zake huacha alama kwenye nyama ya vidole, kama muhuri. Cha shahada kilikuwa na duara kamili, cha kati duara kamili. Cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa na kipande cha duara tu, kimepinda upande mmoja.

"Huu ni mwezi mwandamo," akasema. "Mimi nataka mwezi mpevu."

Sijawahi kupata kipimo kizuri kuliko hicho. Hakihitaji kioo wala mwalimu wa pembeni. Piga dakika tano, tazama vidole, utaona mwenyewe hewa ilipokuwa ikitorokea.

Kwa nini tundu moja lisilozibwa vizuri lilete fujo yote hiyo? Kwa sababu hewa iliyo ndani ya mrija hutetemeka kwa urefu wake wote hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Ukiacha upenyo mdogo katikati, hewa haijui iishie wapi: haipati urefu mfupi wala mrefu, inagawanyika na kurukia sauti ya juu kabisa. Kwii. Ndiyo maana mtu hukazana kuuma ridi, akadhani anatibu ugonjwa, kumbe anauongezea wa pili.

Sasa mikono. Wa kushoto unakaa juu, wa kulia chini, hata kama wewe ni wa mkono wa kushoto. Ni kosa la siku ya kwanza, na ukilizoea wiki mbili utalia kulivunja.

Halafu kuna swali ambalo wengi hawajiulizi: ni nini hasa kinachoibeba klarineti? Jaribu noti ya G ya katikati, ile inayopigwa bila kuziba tundu hata moja. Vidole vyote vinane vya mbele viko hewani, na hata gumba la kushoto halizibi chochote. Kama ala inayumba au inataka kuanguka, basi siku zote ulikuwa unaishikilia kwa vidole, na kidole kinachoshikilia hakiwezi kuziba kwa utulivu. Vinavyoibeba ni viwili tu: gumba la kulia kwa chini na meno ya juu kwa juu. Gumba linakaa chini ya kile kijipande cha chuma kilichojitokeza nyuma, nalo lisiingie ndani mpaka kwenye kiungo. Liguse ubavuni mwake, jirani na shina la ukucha, kisha lisukume kidogo kwenda juu, kana kwamba unataka ala ipande ikutane na meno. Klarineti ina uzito wa gramu 800 hivi, na karibu zote zinalalia hapo. Gumba litauma wiki za mwanzo. Likiuma, pumzika, mtoto mwenye mikono midogo mnunulie mkanda wa shingoni, si aibu.

Vidole vingine vipinde kama vinavyozunguka chungwa. Ziba kwa nyama ya kidole, ile sehemu nono inayoacha alama ya wino ukiweka dole gumba kwenye karatasi ya benki, usizibe kwa ncha. Wala usivikandamize hadi vigeuke vyeupe. Kidole kilichokaza hukosa shabaha, na ukikaza kimoja jirani yake hunyanyuka bila ruhusa.

Gumba la kushoto lina kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo nalichelewesha kidogo. Linaziba tundu la nyuma, na juu kidogo ya tundu hilo kuna kitufe ambacho lazima liweze kukigusa bila kuondoka. Liweke mshazari, kama mshale mfupi wa saa ya ukutani unaoelekeza namba 2 (kwetu saa nane, usije ukachanganya na vitabu vya Wazungu). Likilala wima au likinyooka kabisa kwenda kulia, siku kitufe hicho kitakapohitajika litalazimika kuruka, na likiruka tundu litafunguka.

Pembe ya ala: isimame nyuzi 30 hadi 45 kutoka kifuani. Keti, tazama mbele kama unamsikiliza mtu, halafu ilete klarineti mdomoni. Wengi hufanya kinyume, wanainamisha kichwa kuifuata, na koo linajikunja hapo hapo.

Kuiunganisha hakuna siri kubwa, ila kuna mahali pa kuharibu. Paka grisi kidogo kwenye maungio yaliyovishwa gome laini kama la kizibo cha chupa, unganisha kwa kuzungusha taratibu, usisukume. Vipande viwili vya katikati vinakutana kwenye daraja dogo la chuma. Unapoviunganisha, bonyeza pete za kipande cha juu ili nusu ya daraja inyanyuke na kuikalia nusu ya pili bila kuigonga. Daraja likipinda, fundi wake si wa kupatikana kila mtaa.

Tuje mdomoni. Ridi ni kipande cha tete, jamii ya matete yanayoitwa Arundo donax, na mengi yanayotengenezewa ridi hulimwa mkoa wa Var kusini mwa Ufaransa. Zimepewa namba kwa ugumu wake. Anayeanza achukue 2 au 2.5. Kuna vijana wanaokimbilia namba 4 wakidhani ni cheo. Ridi ngumu kwa mdomo mchanga inatoa pumzi tupu, na pumzi tupu inamfanya mtu aume. Ilowanishe mdomoni dakika moja, iweke juu ya mausipisi, kile kipande cha juu kabisa kinachoingia mdomoni, hadi ncha yake ilingane na ncha ya mausipisi, au ibaki chini kwa unene wa unywele, kisha funga mkanda wake wa chuma bila kuukaza kama nati ya gurudumu.

Mdomo wenyewe namna hii: kwa chini wewe ni kibogoyo, kwa juu una meno yote. Mdomo wa chini ukunje ufunike meno ya chini, lakini ni nusu tu ya ile sehemu nyekundu inayoingia ndani. Meno ya juu yaweke moja kwa moja juu ya mausipisi. Pembe za mdomo zikaze kuelekea kwenye mausipisi, kidevu kinyooke kama cha mtu anayenyoa. Mashavu yasifure. Hapa anayetoka pwani na aliyekua akiwatazama wapiga zumari harusini atashangaa, maana kule mashavu ndiyo tangi la hewa na tete lote limezama kinywani. Klarineti inataka kinyume chake: ridi ikaliwe na mdomo kwa chini, na shinikizo litoke tumboni.

Uingize mausipisi kiasi gani? Pitisha karatasi nyembamba kati ya ridi na mausipisi, ishushe mpaka ikwame. Pale ilipokwama ndipo ridi inapoachana na mausipisi, na hapo ndipo mdomo wa chini ukae. Ukiishia juu ya hapo unaibana ridi na sauti inakuwa kama inatoka chini ya godoro. Ukivuka sana, hakuna anayeidhibiti, inapiga kelele.

Pumzi usipulize kama unayepangusa miwani kwa "haa" ya moto. Puliza kama unapoza uji: hewa ya baridi, nyembamba, ya kasi. Jaribu vyote viwili juu ya kiganja utahisi tofauti. Nyuma ya hewa hiyo ulimi umepanda kidogo, kama unatamka "i". Unapotaka kutenganisha noti, ncha ya ulimi iguse ncha ya ridi kwa wepesi, "ti, ti, ti", na pumzi isikatike.

Kabla hujaunganisha ala nzima, kaa siku chache na mausipisi na kile kipande kifupi cha juu kinachofuata, bareli, basi. Hivyo viwili vikipulizwa vizuri hutoa F shapu moja (nusu hatua juu ya F), ukilinganisha na kinanda. Ikitoka chini yake, mdomo umelegea. Ikipanda juu, unauma. Watoto wanachukia zoezi hili kwa sababu linafanana na honi ya baiskeli, lakini ni kipimo kingine kisichohitaji mwalimu.

Noti za kwanza zinakwenda kwa kuongeza kidole kimoja kimoja. G, hakuna kitu. F, gumba la kushoto. E, gumba na shahada. D, ongeza cha kati. C, ongeza cha pete. Mkono wa kulia hauzibi chochote, umebeba tu, ila vidole vyake vizoeshe kukaa juu ya matundu yao, karibu, visipepee kama vya mpiga porojo. Noti hizo tano zinatosha nyimbo kadhaa, na usione haya kuzikalia wiki mbili. Baadaye shuka: ziba mkono wa kulia kimoja kimoja mpaka ufike G ya chini, halafu F na E kwa vidole vya mwisho. Mwezi mwandamo utakaokuangusha utakuwa huko chini, kwa sababu kila kidole kinachoongezeka ni tundu jingine la kuvuja.

Hapa sasa ndipo klarineti inapoachana na ndugu zake. Ukipiga rekoda au saksafoni, unajifunza vidole vya oktava moja, halafu unabonyeza kitufe au unabana tundu la gumba, na vidole vile vile vinakupa oktava ya juu: do inakuwa do. Kwenye klarineti bonyeza kile kitufe cha gumba la kushoto ukiwa kwenye C, na kinachotoka si C ya juu. Ni G iliyo juu yake. Do imekuwa so ya oktava inayofuata. Ukitoka G ya chini unapata D, ukitoka F unapata C, ukitoka E unapata B. Ndiyo maana mwanafunzi aliyezoea rekoda analalamika kwamba ala imekosewa.

Haijakosewa. Rudi kwenye bomba lililozibwa upande mmoja. Kwenye mrija ulio wazi pande zote, hewa inaweza kutetemeka mara 1, mara 2, mara 3 ya kasi yake ya msingi, na mara 2 ndiyo oktava. Upande mmoja ukizibwa, hewa haiwezi kuyumba pale palipozibwa, inaweza kuyumba kwa uhuru upande wa wazi tu, na kwa sharti hilo mara 2 haipati nafasi. Inaruka moja kwa moja hadi mara 3. C ya klarineti ina mitetemo 233. Mara 3 ni 699, na hiyo ndiyo G tuliyoisikia. Saksafoni nayo ina ridi kama klarineti, ila mrija wake unapanuka kama koni tangu juu hadi chini, na koni ina sheria zake, inairuhusu oktava. Klarineti tumbo lake ni la upana mmoja kwa sehemu kubwa.

Kutoka C hadi so ya juu ni hatua nyingi kuliko oktava, kwa hiyo vidole vya kawaida vinaisha kabla sauti mpya hazijaanza. Pengo hilo limejazwa na vitufe vya juu: A inapigwa kwa kuvingirisha shahada ya kushoto hadi kwenye kitufe chake, na B flati (nusu hatua chini ya B) kwa kuongeza kitufe cha gumba. Sauti hizo za shingoni mwa ala huwa nyembamba, na si kosa lako, mrija unaotumika hapo ni mfupi mno. Wazo la kitufe hiki ni la zamani: hesabu za kuzaliwa kwa klarineti zinaanzia Nürnberg, Ujerumani, miaka ya 1700 mwanzoni, kwa fundi Johann Christoph Denner, na ala yake ilikuwa na vitufe viwili tu. Vitufe 17 tunavyovikuta leo vimetokana na kazi ya Hyacinthe Klosé na Louis-Auguste Buffet, walioionyesha Paris mwaka 1839. Zile pete zinazozunguka matundu ndizo zilizoruhusu kidole kimoja kiongoze tundu lililo mbali nacho.

Kuna jambo jingine litakalokukuta Jumapili ya kwanza ukikaa karibu na kinanda. Mpiga kinanda anasema "C", wewe unapiga C, na kwaya inageuka kukutazama. Klarineti ya kawaida ni ya B flati: C yake ni B flati ya kinanda. Kwa hiyo panda hatua nzima. Wakiimba katika C wewe piga katika D, wakiimba F wewe G, wakiimba G wewe A. Zamani klarineti zilitengenezwa za ukubwa mbalimbali ili mpigaji abadili ala badala ya kubadili vidole, na hii ya B flati ndiyo iliyotawala. Mwenzake wa A bado yumo mikononi mwa wapigaji wa okestra. Ukiona sauti yako imepanda kidogo tu dhidi ya kinanda, hasa mchana wa joto, hiyo ni hewa moto. Vuta bareli nje milimita moja au mbili.

Ununue ya plastiki au ya mti? Plastiki, bila kusitasita. Ala ya mti haipendi jua la kwenye kioo cha gari wala kutoka kavu hadi mvuke kwa ghafla, inapasuka. Lakini ujue huo mti ni upi. Klarineti nzuri za dunia nyingi ni za mpingo, ule ule wa vinyago vya Wamakonde, mzito kiasi cha kuzama majini, unaokatwa Lindi, Ruvuma na kaskazini mwa Msumbiji. Misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC (baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu) mwaka 2009 ili mpingo wake uuzwe kwa utaratibu na kijiji kipate fungu lake. Hata hivyo mti unaondoka ukiwa vipande vilivyopasuliwa tu na kurudi ukiwa ala isiyonunulika na mtoto wa aliyeulinda. Mimi hilo linaniuma kila nikifungua sanduku.

Yako ya plastiki nayo ina heshima zake. Ukimaliza, vua ridi uifute na uiweke kwenye kifuko chake, pitisha kitambaa ndani ya mrija mpaka unyevu utoke. Pedi, vile vidude laini chini ya vitufe, zikinata, jambo la kawaida pwani, weka karatasi ya sigara chini ya pedi, bonyeza kidogo, itanyonya maji.

Kisha siku moja utatakiwa kuvuka. Kutoka A ya shingoni, yenye kidole kimoja, kwenda B ya juu yake, yenye vidole karibu vyote kwa mpigo. Wengi hukwama hapa miezi. Afande alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ukiwa bado kwenye A ziba mapema matundu ya mkono wa kulia. Sauti haiharibiki sana, na safari iliyobaki ni ya mkono mmoja. Ya pili, usiianze B kutoka juu. Piga E ya chini kabisa, ishikilie mpaka itulie, kisha gusa kitufe cha gumba la kushoto bila kubadili kitu kingine: si mdomo, si pumzi, si kidole.

Yangu ilitoka jioni moja ya Alhamisi, bila kwii. Nilidhani atasema kitu. Akanyoosha mkono tu, nikamgeuzia viganja. Akahesabu taratibu, vitatu vya kulia, vitatu vya kushoto na gumba. Miezi mipevu saba.